Tano kwa Kila Kitu

Msimamizi wetu aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu juu ya bunda la fomu zangu: ZIMEPIKWA. Aliliandika Ijumaa asubuhi, katika ukumbi wa kukodi Machakos mjini, mbele ya wenzangu kumi na mmoja, halafu akaligonga kwa kidole ili nilione vizuri. Nililiona. Mimi nikisemwa mbele ya watu sauti hurudi tumboni. Niliangalia viatu vyake mpaka akamaliza.

Nieleze nilivyofika pale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo nyumbani. Ulikuwa ule mwaka simu za mkono zilipoanza kuonekana kwenye mikanda ya wanaume mjini, na vijana walikuwa wanashindana redio ya nani inashika stesheni nyingi. Kampuni moja ya Nairobi ikaja kutafuta watu wa kupeleka maswali vijijini. Ilitaka kujua kama watu wamezisikia hizi simu, na kompyuta, na televisheni ya rangi, na redio za FM, na kama wamezisikia, wanazitamani kiasi gani. Waliotakiwa ni watu wanaojua Kikamba na wenye hati safi. Hati ninayo. Ndicho kitu pekee ninachoweza kujisifia bila kuona haya, maana hati haiongei. Tangu darasa la sita naandika daftari langu kila siku, mkono umezoea.

Mama aliwaambia akina mama wote wa kikundi chake kanisani. "Wangu ameandikwa kazi ya utafiti," alisema, na alilitamka neno utafiti kama mtu anayetamka ubunge.

Tulifundishwa siku mbili. Soma swali lilivyo. Usiongeze, usipunguze, usimsaidie mtu kujibu. Andika alichosema, si unachodhani. Kwa kila kifaa kulikuwa na swali la kupima hamu: moja maana yake sina haja nacho, tano maana yake nakitamani sana. Mimi nikapewa vijiji vya Kalama.

Kwa mtu mwenye aibu Kalama si pabaya. Unafika, unapewa kiti kile kizuri, unapewa chai, unaulizwa wewe ni wa nani, na mpaka ukitoa karatasi umeshazoea. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja, mjane, niliyemkuta uani akipepeta mbaazi. Nilimwita susu, kama tunavyowaita bibi zetu.

"Susu, simu ya mkono umewahi kuisikia?"

"Nimeisikia."

"Ungetamani kuwa nayo kiasi gani, moja hadi tano?"

"Kubwa ni gani?"

"Tano."

"Andika tano."

"Na kompyuta?"

"Hiyo ndiyo nini?"

Sheria ilisema nisieleze. Nikasoma swali tena, polepole.

"Andika tano," akasema. "Kunywa chai, mwiitu, inapoa."

Mwiitu ni msichana, na akikuita hivyo bibi wa watu unajisikia wa pale. Nikanywa chai. Nyumba ya pili, tano. Ya tatu, mzee mmoja hata hakungoja nimalize orodha. Alisema nijaze tano mpaka chini, akanisindikiza hadi barabarani na mapapai mawili.

Nikisema ukweli, nilijua. Mimi ni wa huku. Huku mgeni hatoki kwa mtu mikono mitupu. Ukikosa kuku unampa mayai, ukikosa mayai unampa hata papai bichi likaivie kwake. Mimi nilikuja nikiomba namba, basi wakanipa namba, na hakuna aliyenipa ndogo. Kufikia hiyo nyumba ya tatu nilikuwa nimeshaelewa. Lakini kusema kulitaka nimfuate msimamizi nimkatize akiongea, na kunyamaza hakukutaka chochote. Isitoshe, sheria ilikuwa upande wangu: andika alichosema. Nikaandika. Fomu arobaini, tano tupu, kwa hati safi.

Kupika fomu, kwa wale wasiojua, ni kukaa mahali kwenye kivuli ukajijazia mwenyewe, halafu ukasema ulizunguka.

"Watu arobaini, wote tano," msimamizi alisema Ijumaa ile. "Dada, hata kupika ungepika na akili. Ungetia mbili hapa, tatu pale, kama chumvi." Wenzangu wakacheka. "Jumatatu tunaenda Kalama mimi na wewe. Wakisema hawakujui, nakuacha huko huko."

Sikumwambia mama. Jumapili, baada ya ibada, alinishika mkono na kunipeleka kwa mwenyekiti wa kikundi chao, akamwambia nimemaliza Kalama na sasa nitapelekwa Mwala. Mwenyekiti akasema Mungu ni mwema. Nikasema ndiyo. Nilijua kwamba siku chache tu baadaye mama angelazimika kurudi kwa mwenyekiti yule yule na maneno mengine, na ni hilo lililoninyima raha, sio kazi yenyewe.

Jumatatu tukaingia kwa susu wa mbaazi. Hata hatujamaliza kusalimiana akasema, "Huyu namjua. Mwiitu wa aibu. Anauliza akiangalia karatasi."

Msimamizi akavuta kigoda. Yeye ni mtu wa Nairobi, na bibi kwake ni shosho. "Shosho, hebu mimi nikuulize. Simu ya mkono, moja hadi tano?"

"Tano."

"Kompyuta?"

"Tano."

Akanitazama, kisha akabuni. "Na redio ya kukamua mbuzi?"

Susu akarusha mbaazi kwenye ungo mara mbili. "Hiyo iko?"

"Inakuja."

"Andika tano. Ikifika uniletee, niko na mmoja hapo anapiga mateke."

Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani. "Sasa shosho, mbona tano kwa kila kitu?"

"Wewe umetoka Nairobi mpaka kwangu, nikupe mbili? Si utaenda kusema mama wa hapa ni mchoyo."

Pale nilipumua. Lakini msimamizi alifunga faili lake na kuniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, "Sawa, hukupika. Pole. Lakini fomu bado hazifai. Kila mtu akisema tano, ni kama hakuna aliyeulizwa. Naondoa Kalama kabisa, na kama nimeondoa Kalama, wewe sina pa kukuweka." Akaanza kusimama.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema, "Ngoja." Kwa mtu mzima, mwenye miwani, nilisema ngoja, bila hata tafadhali.

Nikageuza fomu moja upande usioandikwa, nikaikunja mara mbili ikawa na vyumba vinne, nikachora redio, televisheni, simu na kompyuta. Kompyuta ilifanana na sanduku la nguo. Nikaeleza kila moja inafanya nini, na hapo nilivunja sheria mbele ya aliyeiweka. Kisha nikachota mbaazi kumi kutoka ungo wa susu, nikamwekea yeye mkononi.

"Susu, hizi si zangu wala za huyu mgeni. Ni zako. Zigawe kwa vitu hivi, unavyotaka wewe. Zikiisha zimeisha."

"Nyinyi mtabaki na nini?"

"Hatubaki na kitu. Sisi tunaangalia tu."

Akaitazama ile karatasi muda mrefu. Aliweka tano kwenye redio haraka haraka, kisha akatulia. Akazitoa tatu, akazipeleka kwenye simu. Akaongeza zingine tatu kwenye simu. Akaweka moja kwenye televisheni, akaitazama, akairudisha mkononi. "Hiyo inataka stima," akasema, "na stima imeishia kwa chifu." Mwishowe simu ilikuwa na nane, redio mbili, na vile vyumba vingine viwili vitupu kabisa.

"Kwa nini simu?" msimamizi akauliza. Hakuwa na kalamu mkononi tena.

"Kijana wangu yuko Mombasa. Akiugua, barua inafika wakati amepona." Akakusanya mbaazi zote kumi, akazirudisha kwenye ungo. "Hizi ni za kupika."

Tulipita nyumba sita siku hiyo. Hakuna mbili zilizofanana. Yule mzee wa mapapai aliweka zote kumi kwenye redio, akasema simu ni ya watu wenye maneno mengi. Kwa mama mmoja kuku alipita akadonoa mbili zilizokuwa kwenye kompyuta, na mama akatuambia, "Andikeni huyo pia, ametamani." Msimamizi aliandika kweli, pembeni. Jioni, tukiwa kwenye pikapu, alikuwa na mfuko wa mbaazi miguuni, zawadi ya susu.

Alhamisi alinisimamisha mbele ya wenzangu niwafundishe. Nilisema sentensi saba. Nilizihesabu baadaye nilipokuwa naandika daftari. Ya nne ilikwama katikati, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wanaandika. Mmoja wa wale waliocheka Ijumaa alinyoosha mkono akauliza kama mahindi yanaweza kutumika mahali mbaazi hazikuiva, nikamjibu yanaweza, mradi yatoke nyumbani kwa mwenyewe, maana mtu huwa makini na chakula chake. Hiyo ilikuwa ya nane, nikiijumlisha.

Kalama haikuondolewa. Niliirudia yote, nyumba arobaini, halafu nikapelekwa Mwala, ambako tulitumia kunde.

Siku ya mwisho nilibaki nyuma ukumbini wengine walipotoka. Lile bunda la kwanza lilikuwa bado mezani, na neno lile jekundu juu yake. Nilikuwa nimepanga cha kusema tangu asubuhi, na nilikisema nikimwangalia yeye, sio viatu.

"Naomba ufute hilo neno."

"Hizi hazitumiki tena, dada. Zinachomwa."

"Najua. Lakini sikupika."

 Kisha akachukua kalamu ile ile nyekundu, akakata neno mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi yake kando kama mtu anayesahihisha hundi, akanipa fomu ya juu nikae nayo. Nimeibandika katika daftari hili, ukurasa unaofuata. Mama ameiona. Aliniuliza ni nini kilichokatwa, nikamweleza yote, tangu mwanzo, na alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.