Viti Vinangoja Wageni, Mtoto Anakua

Saa mbili asubuhi, bibi wa miaka sitini na nane amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, penseli nyuma ya sikio. Mbele yake, juu ya mkeka, ameketi msichana wa miaka tisa ambaye miguu yake haijawahi kumbeba. Bibi anampima paja kwa utepe, kutoka kiunoni hadi nyuma ya goti. Anaangalia namba, anapima tena, kisha anautupa utepe kwenye ndoo ya vifaa.

“Ameongezeka sentimita tatu,” anamwambia mumewe. “Kiti chake kimekaa pale pale.”

Kiti chenyewe kiko hatua kumi tu kutoka hapo, nyuma ya mlango wa ghala uliofungwa kufuli, pamoja na vingine ishirini na vitano. Ni viti vya magurudumu, vipya, na vimekaa humo miezi mitano. Havina hitilafu yoyote. Vinangoja wageni.

Bibi ni muuguzi mstaafu. Mumewe, mzee wa miaka sabini na moja, alikuwa fundi baiskeli. Kanisa lao liliwatuma ng'ambo kwa miezi kumi na minane, wawapime watu wasioweza kutembea na kuwarekebishia viti. Walimwachia binti yao nyumba, wakaja kuishi katika vyumba viwili nyuma ya kanisa, kwenye kitanda kifupi kinachomlazimu mzee kulala miguu ikining'inia. Mshahara hawana, wanajitolea. Majirani wanawaita Bibi Kipimo na Babu Spana.

Asubuhi wanasali pamoja. Sala ikirefuka mzee husinzia, na mkewe humfinya bila kufumbua macho. Wakishakunywa chai wanabeba ndoo yao na kwenda nyumba kwa nyumba, kwa miguu, mpaka jua la mchana liwarudishe. Yeye hupima, mzee huandika, na wakifika kwao hubishana kuhusu mwandiko.

Kazi hiyo wanaipenda. Kinachowachemsha damu ni lile kufuli.

Wafadhili walionunua viti walitaka kuvikabidhi kwa mikono yao, mbele ya kamera. Ziara yao imeahirishwa mara tatu. Mratibu wa huduma, kijana wa umri wa kitinda mimba wao, kila akiulizwa alijibu kwa upole, “Tuvumilie kidogo.” Bibi anasema neno hilo “tuvumilie” limemkaa kooni, maana mratibu anatembea kwa miguu yake miwili.

Namba nne kwenye orodha ya waliopimwa alikuwa tarishi mstaafu aliyepooza. Hakuomba makubwa, alitaka kiti kabla ya harusi ya binti yake. Siku ilipofika wapwa zake walimbeba mgongoni kwa zamu, akaingia kanisani uso ameuficha begani mwa mpwa wake, watu wazima wakitazama pembeni. Baada ya miezi miwili akafariki. Jina lake bado liko kwenye orodha, bibi amekataa kulifuta.

“Nilishikwa na hasira mpaka nikashindwa kusali,” anasema. “Mimi, niliyetumwa na kanisa.”

Hasira hiyo haiwaelekei wafadhili peke yao, inamrudia na yeye. Ufunguo wa ghala anao yeye. Miezi yote hiyo umekuwa mfukoni mwa gauni lake, kwa sababu walikabidhiwa wautunze, na wao ni watu wa kutii. Hakuna askari mlangoni wala mbwa. Kila jioni alijaribu lile kufuli mwenyewe, kuhakikisha limeshika.

Asubuhi hii, mama wa yule msichana, aliyemleta hapa kwa wazee, amesimama ukutani akiwa amekunja mikono. Ni dobi, na mgongo wake ndio usafiri wa mwanawe. Shule imempa mtoto nafasi na muhula unaanza Jumatatu, lakini madawati hayana egemeo, na bila kiti chake hawezi kukaa. Wageni, wakija kweli, watakuja baada ya wiki tatu.

“Bibi, nisipoenda Jumatatu watampa mwingine nafasi yangu?” mtoto anauliza.

Bibi anainuka, magoti yakilia, anatia mkono mfukoni na kwenda kufungua ghala. Mzee hamwulizi ruhusa kaipata wapi. Anachukua spana, anasogeza egemeo nyuma sentimita tatu, anashusha pa kukanyagia, kazi ya dakika arobaini. Mtoto anakalishwa, anasukuma gurudumu, anagonga fremu ya mlango, anarudi nyuma, anagonga tena. Mara ya tatu anapita. Mama yake anaanza kumfuata mikono mbele, tayari kumdaka, kisha anaishusha.

Habari inamfikia mratibu kabla ya adhuhuri. Anapiga simu.

“Mama, mngeniambia kwanza. Naomba mkirudishe kwa wiki tatu tu, atakabidhiwa rasmi siku hiyo.”

“Yaani nimwendee mtoto nimwambie ashuke?”

Mratibu anasema huenda ikabidi wazee warejeshwe kwao kabla muda wao haujaisha.

“Anatufukuza?” mzee anauliza.

“Anatafuta maneno ya kutufukuzia,” anajibu mkewe, akifunua orodha kutafuta jina linalofuata.

Mpango wao ni kuvitoa viti vyote ishirini na vitano vilivyobaki kabla ya Jumapili, barua ya kuwarudisha ikija au isije. Kile cha tarishi watakirekebisha kimfae mtu mwingine. Kuhusu wageni, bibi hana kinyongo cha kuwazuia.

“Waje,” anasema. “Ghala watalikuta tupu, walipige picha wakitaka. Na wakimtaka yule mtoto, wamfuate shuleni, wakae nje ya darasa mpaka kengele ilie. Nao wangoje.”