Wakala wa Konde Aliyerudisha Kadi za Watu

Saa mbili asubuhi, soko la Konde limeshachangamka. Kibandani mwake, Rahila Haroub, wakala wa benki, anaisogeza mashine ya kadi ukingoni mwa meza, kisha anampa mteja mgongo na kutazama ukuta.

"Tayari, bi?"

"Bado. Usigeuke!"

Mteja ni Bi Mgeni, mkulima wa karafuu mwenye miaka sabini na moja. Mwaka jana asingejisumbua hivyo. Kadi yake ya benki ilikaa humu humu kibandani pamoja na za wenziwe thalathini na saba, kila moja na namba ya siri imeandikwa kwa kalamu mgongoni.

Wazee walimwachia kwa hiari yao. Huku, kumficha mtoto wa jirani namba ni sawa na kumwita mwizi.

"Nikaona nawafanyia wema," anasema Rahila, mjane mwenye miaka 34 na watoto watatu. "Kumbe nimekalia kuti kavu."

Mkaguzi wa benki alikuja Machi. Kanuni za uwakala haziumi maneno: wakala hakai na kadi ya mteja wala haijui namba yake ya siri. Hakuna hata shilingi iliyopotea, lakini mashine ilichukuliwa siku hiyo hiyo. Rahila akapewa siku sitini: kadi zote zirudi, kila mzee abadilishe namba na aweze kuibonyeza mwenyewe. La sivyo, leseni inafutwa.

Shilingi laki tatu alizokuwa akipata kwa mwezi zikakatika. Alilia sana, halafu akajifunga kibwebwe. Aliwapeleka wazee benki Wete kubadilisha namba, akachora vitufe vya mashine kwenye kipande cha boksi na kuwafundisha nyumba kwa nyumba. Wengine walimnunia.

"Nimekukosa nini mie, hata unirejeshee kadi?" aliuliza Mzee Kificho, aliyekataa kuipokea mara tatu.

Siku ya hamsini na nane mkaguzi alirudi na mashine. Wazee wakabonyeza mmoja mmoja. Mzee Kificho alikosea mara mbili, na akikosea ya tatu kadi inafungwa. Rahila alishindwa kutazama. Ya tatu ikakubali, kibanda kizima kikapiga takbiri.

Sasa anaomba mashine ya pili, aipeleke vijijini msimu wa karafuu, wachumaji wanawake wapokee chao wenyewe.

Bi Mgeni anafunga noti zake kwenye pindo la kanga.

"Miaka yote mume wangu ndiye akija hapa kunitolea pesa," anasema. "Leo kaniuliza namba. N'kamwambia, kamuulize Rahila."

Anacheka hadi machozi. "Naye Rahila haijui!"