Wimbo wa Dirisha

Ukurasa wa kwanza wa daftari la marehemu mume wangu una tarehe: Jumapili, 16 Februari 2003. Nilikuwapo alipoiandika, nikimimina chai upande wa pili wa meza, lakini sikuweza kuisoma hadi Oktoba 2008, kwa kuwa nilianza shule nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka soko la Jumapili la Gare du Midi, tulikokwenda kutafuta bamia na ndizi za kupika. Tulikuwa tumegawana kazi. Mume wangu, dereva wa ubalozi na mtu wa suti hata sokoni, alirudi na CD iliyokwisha kutumika ya mwimbaji mashuhuri wa Italia. Juu ya jalada alikuwapo mtu mnene mwenye ndevu, amefumbua kinywa kana kwamba anangoja kulishwa.

"Ndizi ziko wapi?" nilimwuliza.

"Bibie, huyu ni sauti ya tatu. Kama mimi."

Katika kwaya zetu sauti huitwa kwa namba: ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne za wanaume. Mume wangu alikuwa sauti ya tatu ya kwaya ya Kiswahili katika parokia yetu tangu tulipofika Brussels mwaka 1998.

Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi asubuhi alikaa jikoni, akaicheza CD kidogo, akaisimamisha, kisha akaandika alichokisikia kwa herufi za kwaya: do, re, mi. Noti za Wazungu, zile zenye vichwa na mikia, hakuzijua. Aliposoma gazetini kwamba wapo waliosema hata yule Mwitaliano hakuwa hodari wa kuzisoma, na kwamba mapenzi ya kuimba aliyakuta nyumbani kwa baba yake, alilikunja gazeti akalitia mfukoni mwa koti. Kwa wiki nzima alimwita "mwenzangu".

Kazi yangu ilikuwa kushika do. CD ikisimama, sauti humtoroka mtu; kwa hiyo nilipokuwa nikiosha vyombo niliivumisha do midomo ikiwa imefungwa, ili yeye apime noti nyingine kwayo. "Shika do, bibie, usiiachie." Jirani wa ghorofa ya chini aliwahi kupanda kutuuliza kama friji yetu ni mbovu.

Wimbo alioupenda kuliko yote aliutia maneno ya Kiswahili ya kumsifu Mungu, akaugawa katika sauti nne, na kwaya ikauimba Krismasi ya mwaka 2004, iliyoangukia Jumamosi. Alipoifikia ile noti ya juu kabisa akaishika, nilikaa wima kwenye benchi ili kina mama wote wajue ni mume wa nani.

Baada ya misa, bibi mmoja wa Kiitaliano aliyesali pale siku zote alimshika mkono, akicheka huku akifuta machozi. Alieleza kwa Kifaransa kwamba wimbo ule ni wa mwanamume anayemsihi mwanamke afungue dirisha, na kwamba mwanamume huyo hana nia ya kubaki nje.

Kiongozi wa kwaya, mama mmoja wa Bukavu, alipiga makofi. "Alors, Papa, donc tuliimbia Mungu wimbo ya dirisha? Na miye nilivaa kikwembe mupya!"

Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka. Mimi sikucheka. Ndani ya tramu nilimwambia, "Umenitia aibu. Usiuimbe tena wimbo huo mbele za watu."

"Sawa," alisema. Na hakuuimba.

Septemba 2007 redio ilitangaza kwamba mwimbaji yule amefariki. Mume wangu alilitoa daftari kwenye droo, akalifungua pale pale penye wimbo. Niliacha maharage jikoni, nikashika do bila kuombwa. Aliuimba wote kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza, "Nikifa, utaruhusu uimbwe mbele za watu?"

"Sogea, maharage yanaungua."

Hilo ndilo jibu nililompa. Hakuuliza tena, nami sikulibadilisha.

Jumatatu, 15 Septemba 2008, nilianza masomo ya watu wazima huko Molenbeek, katika chumba kinachotazama mfereji. Mwezi uliofuata nilifungua daftari lake na kusoma, "Jumapili." Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, koti mwilini, funguo za gari mkononi.

"Na mwezi?"

"Februari."

Akaenda kazini akiwa amechelewa, jambo ambalo hakulizoea.

Alifariki Jumanne, 12 Machi 2013. Alhamisi nilikwenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, kwenye saluni alikofanya kazi kiongozi wa kwaya, nikamwekea daftari juu ya meza ya vitana. Nilimwambia nataka wimbo ule kwenye misa ya kumuaga, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani.

"Maman, ni Kwaresima. Padri hatakubali. Na sauti ya tatu itakuwa nani? Ye njo alikuwa sauti ya tatu."

"Mimi ndiye niliyemkataza kuuimba," nilisema. Si desturi yangu kutoa mambo ya nyumbani nje.

Aliacha kusuka. Mteja wake alitutazama kupitia kioo. "Bon," kiongozi alisema. "Ku kanisa, non. Lakini ku salle, wakati ya kula, nani atatukataza?"

Jumamosi, 23 Machi 2013, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, baada ya misa ya kumuaga, watu wakiwa na sahani za wali na sombe mikononi, kiongozi aliisimamisha kwaya katika ukumbi wa parokia. Sauti ya tatu aliichukua mwenyewe.

"Maman, tupe do."

Nilisimama nikaitoa, safari hii kinywa kikiwa wazi. Kwenye noti ya juu sauti yake ilikatika. Mtu fulani alicheka, naye akacheka, akairudia, ikakatika tena. Sikuiachia do mpaka walipomaliza.

Niliporudi nyumbani nilifungua daftari penye wimbo ule. Chini ya tarehe aliyoiandika, ya Krismasi ya mwaka 2004, palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Niliandika: Jumamosi, 23 Machi 2013. Mbele za watu.