Nilienda kununua kofia ya kuficha kichwa, nikawapata wenye vichwa kama changu

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Leo naandika, na sitaongeza chumvi, maana yaliyonikuta yanatosha.

Mimi ni Mmbulu, naishi Qurus, Karatu. Kazi yangu ni kuosha magari ya safari pale mjini.

Mwaka huu kichwa kilianza kuniuma kila asubuhi, natapika, mkono wa kushoto unaangusha vitu. Wakanipiga MRI. Daktari akasema kuna uvimbe kwenye ubongo, lazima wafungue wautoe.

Nikajibu sawa. Moyoni nilishaamua siendi.

Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kuzinduka nisimjue mama.

Mama alivyozidi kunisumbua nikajifanya najiandaa. Nikaenda dukani kwa Bi Zainabu kununua kofia ya sufu, kwa sababu nilisikia wananyoa kichwa chote.

Bi Zainabu ni mtu wa kuuliza. Nikamwambia ni ya baridi. Akaangalia jua la nje, akaniangalia mimi. Nikasema ukweli.

Hata pole hakunipa. "Mwanangu, mwenzio Mmasai wa Olbalbal alichukua ya rangi hiyohiyo, na sababu ni hiyohiyo. Njoo siku ya mnada."

Ndipo nikakutana na Loserian, mfugaji, amenizidi umri kidogo. Akavua kofia bila kuombwa. Mshono unatoka sikioni mpaka utosini. Kisha akaniambia nitembee mpaka kwa ng'ombe mwekundu aliyefungwa kule, nirudi.

Nikatembea, mnada mzima unaangalia. Mimi nikiangaliwa hata mguu wa kutangulia nausahau.

"Ero, kijana, huzunguki," akasema. "Mbuzi mwenye ormilo angekuwa bado anazunguka hapa."

Kwa wasiojua, ormilo ni ugonjwa wa mbuzi na kondoo. Anapata uvimbe wa maji kwenye ubongo, anazunguka palepale kama aliyeangusha kitu. Loserian alipougua, kwao walisema amepata ugonjwa wa mbuzi. Ndiyo maana alikubali operesheni haraka. Anajua mbuzi wa hivyo anaishia wapi.

"Kwenye sufuria," akasema.

Nikapata ujasiri, nikamuuliza lile swali langu. Akasema naye aliogopa hivyohivyo, kwamba hatawajua ng'ombe wake. Alipozinduka akaanza kuwataja mmoja mmoja, kwa rangi na kwa mama zao, kaka yake amekaa pembeni. Alipomaliza, kaka akasema amekosea, huyo wa mabaka hayupo. Loserian akalia, akajua kichwa kimeharibika.

Kumbe kaka alimuuza ng'ombe huyo Loserian akiwa wodini, akaogopa kusema.

"Kichwa changu kilikuwa kizima," akaniambia. "Mgonjwa alikuwa kaka."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Sina uhakika kama yote yalikuwa ya kicheko.

Siku hizi tuko watatu kwenye benchi la Bi Zainabu. Wa tatu ni mama mmoja mwalimu, naye alifunguliwa. Yeye ndiye aliyenieleza ya maana: uso unavimba, unachoka sana, na kwake maneno yalichelewa kurudi. Loserian anasema hayakuchelewa vya kutosha.

Nimeshakubali, wakuu. Naenda wiki ijayo.

Kwetu tuna ng'ombe wawili tu. Loserian anasema mtihani huo hata mbuzi mwenye ormilo angefaulu, kwa hiyo ananifundisha kuwataja wa kwake. Amesema nikizinduka atakuwa kando ya kitanda pamoja na mama, aniulize. Mpaka sasa nakosea. Anasema kichwa cha Mmbulu kilikuwa hivi hata kabla ya uvimbe.

Nilichojifunza ni kwamba daktari alinieleza vizuri, lakini swali langu niliona aibu kumuuliza. Aliyekwisha kulala kitanda cha operesheni sikumwonea aibu. Kama una ugonjwa wa namna hii usikae nao peke yako. Ulizia, hata dukani.

Haya, uwanja ni wenu. Hasa wewe uliyewahi kufunguliwa kichwa: ulipozinduka nani alikuwa kando yako, na alikuuliza nini? Mimi wangu ameshanionya. Nikimsahau fahali wake mweusi, anawaambia madaktari wanirudishe ndani.