Chai Iliyofungiwa Sandukuni

Ilifika wakati mwenye duka wa sokoni, katika mji wa Ibra, Omani, akimwona mama yangu anakuja, anageuka kupanga makopo ya nyanya yaliyokwisha kupangwa. Sikumlaumu. Mama alikuwa anamrudishia pakiti za chai zilizofunguliwa, leo hii, kesho ile, na kila moja aliitolea neno lake. Hii vumbi. Hii imetiwa rangi. Hii inanuka sabuni, umeiweka karibu na sabuni, baba, usibishe. Yeye alisema kwa Kiswahili, mwenye duka akajibu kwa Kiarabu, na mimi katikati yao nilitafsiri nusu ya maneno tu, ile nusu isiyo na matusi. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa naona haya kwa kila kitu.

Tulikuwa tumehamia pale kutoka Tabora mwishoni mwa miaka ya sabini: baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili wa kiume. Baba ni mtu wa Ibra kwa ukoo, ingawa alizaliwa Tabora na hakupata kuiona Ibra mpaka siku tuliposhuka garini na masanduku yetu. Tabora tulikuwa Waarabu. Ibra tukawa Wazanzibari, kama alivyoitwa kila aliyetoka Afrika, wote, hata mama ambaye hajawahi kukanyaga Zanzibar na aliyekuwa akiwaambia watu hivyo kwa lugha wasiyoielewa.

Mama hakutaka kuja. Alimwacha mama yake mzazi Tabora, mtu mzima anayeishi peke yake katika nyumba yenye ua mkubwa wa mchanga. Siku ya kuondoka ilipokaribia alikaa kitini akasema haendi. Baba akatoa ahadi mbele ya wajomba zangu: kaa mwaka mmoja, ukishindwa nitakurudisha mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yako, na sitakuuliza kwa nini. Watoto tungebaki kwa baba, kwa sababu ya shule. Baba alidhani ametoa maneno ya kumtuliza mtu. Mama aliyachukua kama tiketi ya kurudi.

Sanduku lake la bati hakulifungua kama watu wanavyofungua masanduku wakifika. Lilikuja limefungwa kamba ya katani, na kila asubuhi alifungua fundo, akatoa nguo ya siku ile, akalifunga tena. Kabati alilonunuliwa na baba lilisimama tupu. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya barabara, mtu mpole, lakini lile fundo lilimchoma. Alikuwa akilitazama, halafu anatoka nje kwenda kuchokonoa gari lisilo na ugonjwa.

Na mimi lilinichoma zaidi. Mwaka ulikuwa unakatika na roho yangu ilikuwa juu juu. Nikisikia bati limegongwa usingizini naamka. Nikiwa kazini nafikiria nyumbani, nikiwa nyumbani siwezi kukaa kitini. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba shida yote ni chai. Mama mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Alisema nchi ambayo mtu akiamka hapati kikombe cha chai cha kueleweka, hiyo si nchi ya kukaa. Basi nikaona kama ni chai tu, chai inatafutika.

Asubuhi wanawake wa mtaani walikuwa wanakutana kunywa kahawa, leo nyumba hii, kesho nyumba ile, kahawa chungu kwa vikombe vidogo na tende katikati ya mkeka. Mama alikwenda, alikaa, alikunywa, alishukuru. Chai ilikuwepo pia, nyekundu, nyepesi, sukari tele. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye aliishi Zanzibar mjini tangu utoto mpaka alipohamia Ibra, ndiye aliyekuwa akimwonea huruma.

"Wifi yangu, chai gani hiyo unoitafuta? Majani ni majani, wallahi. Kunywa kahawa, kula tende, moyo utatulia."

"Kahawa ni ya mgeni, wifi," mama akamjibu. "Mimi siwezi kuwa mgeni kila asubuhi."

Baba alikuwa anasafiri kwa kazi, na kila alikokwenda alirudi na chai. Alileta ya Sur, ya Nizwa, na nyingine kutoka Mudhaibi ambayo muuzaji alimwapia kwamba wanainywa wafalme. Mama aliipokea kila moja kwa adabu, halafu akaanza mtihani. Kwanza anachukua bilauri ya maji baridi na kunyunyiza majani juu yake. Maji yakigeuka rangi papo hapo, chai imeanguka, maana chai ya kweli haitoi rangi yake kwenye baridi. Iliyopita hapo anaisugua kwa viganja na kutazama kama inaacha vumbi. Kisha anaipulizia pumzi ya moto na kunusa. Mwisho anapika na kutia maziwa, na hapo ndipo nyingi zilipokufa, kwa sababu alitaka rangi ya tofali lililochomwa na alipata rangi ya kijivu. Shangazi alisema ni maji ya Ibra. Baba akaleta dumu la maji kutoka kisima cha jamaa zetu. Kijivu kikabaki kijivu, na baba akamwagia mtende maji yaliyobaki.

Mimi nilikuwa nafanya kazi hospitali, ya kutafsiri. Kulikuwa na wauguzi wa kigeni waliojua Kiingereza tu, na wazee waliorudi kutoka Afrika ambao Kiarabu chao kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo mtu kama mimi alikuwa na maana. Nilifanya kazi zaidi na sista mmoja kutoka Ayalandi, mwanamke mrefu mwenye haraka, anayetembea kama amechelewa hata akiwa hajachelewa. Tulipatana kwa sababu hiyo, maana na mimi nilikuwa siwezi kutulia. Siku moja wakati wa mapumziko alinikaribisha chumbani kwake nyuma ya hospitali akanimiminia chai. Nilipoinua kikombe nikasita. Rangi ilikuwa ile.

Nikamsimulia habari ya mama, nikitarajia acheke. Hakucheka hata kidogo. Alisema kwao watu wamenuniana kwa ajili ya chai ya asubuhi, na kwamba mama yake mwenyewe humtumia kutoka nyumbani kwa sababu ya hapa haiwezi. Akashusha makopo matatu kutoka juu ya kabati akanionyesha jinsi ya kuchagua. Majani yawe punje ndogo nyeusi, ngumu, zinazolingana, bila vijiti. Yanuke kama mkate unaotoka kwenye jiko. Yakimwagiwa maji yanayochemka yatoe nguvu yote haraka, kwa sababu ni chai ya watu wanaoamka kwenye mvua na kazi inawasubiri. Na maziwa yakiingia, rangi isimame.

"Isiwe ya kijivu," nikasema.

"Isiwe ya kijivu kamwe," akasema, akanikazia macho kama vile tumekula kiapo.

Nilimuuliza majani yanatoka wapi, maana sikudhani Ayalandi kunaota chai. Akasema yanatoka Bara Hindi, sehemu za Assam, na mengine Kenya, yanachanganywa huko kwao, na kila mchanganyaji ana siri yake. Alinipa kopo alilolisifu kuliko yote. Nilikwenda nalo nyumbani nikikimbia njiani, mtu mzima mimi, na kopo limefichwa ndani ya kanga.

Mama aliweka bilauri ya maji baridi. Punje zikaelea, maji yakabaki meupe. Akasugua, akapuliza, akanusa, na hapo akanusa tena. Akabandika maji na maziwa ya kopo, akatia majani, akasimama juu ya sufuria mpaka ikapanda. Ilipomiminwa hata mimi niliona: tofali lililochomwa. Baba alikuwa mlangoni anajifanya anafuta mikono.

Mama akanywa funda moja, akainamisha kichwa upande kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Namsikia mama anafagia ua," alisema.

Baba akasema alhamdulillah, kwa sauti kubwa. Mimi nilitoka uani nikalia kwa furaha, nikaamini tumepona.

Hatukupona. Siku za mwanzo mama alichangamka. Aliimba jikoni, na nilipomweleza kwamba ndani yake mna majani ya Kenya, alicheka sana. "Kumbe ni ya jirani," alisema. "Imekwenda kuzunguka kwa wazungu, sasa inaitwa ya huko. Pole yake." Lakini kabla kopo halijafika nusu, mambo yakageuka. Akawa kiguu na njia. Alikunywa kikombe chake cha asubuhi akiwa amesimama, macho nje, na akimaliza huwezi kumpata mpaka adhuhuri: mara yuko juu ya paa, mara kwenye mfereji wa falaji anatazama maji yanakwenda, mara mlangoni amevaa kama anayetoka na haendi popote. Kahawa ya mtaani akaacha. Usiku nilimsikia akitembea. Zamani alikuwa analalamika, na mtu akilalamika yuko pale unamjibu. Sasa halalamiki tena. Ukimwuliza jambo anakujibu vizuri sana na hakuoni. Fundo la kamba likawa mawili.

Nilichukia. Nilimchukia sista, nikalichukia kopo, na nikajiuliza nilikuwa na kiherehere gani cha kwenda kulitafuta. Chai mbovu ilikuwa inamgombanisha na Ibra, lakini ilikuwa imemkalisha Ibra. Chai nzuri kila asubuhi ilimpeleka uani kwa bibi, na kurudi huku kulikuwa kunamuuma upya, kila asubuhi. Mdogo wangu wa mwisho alianza kumfuata nyuma chumba hadi chumba, ameshika upindo wa kanga yake. Sikumkataza. Kama ningekuwa na umri wake na mimi ningeshika.

Mwaka ulipotimia baba hakujisahaulisha. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, alivaa kanzu safi na kilemba, akaja jikoni.

"Nilisema sitakuuliza kwa nini, na siulizi," alimwambia. "Jumamosi nakwenda Maskati. Niambie nikate tiketi au nisikate."

Mama alikuwa na kikombe mkononi. Baba akangoja kiasi cha heshima, kisha akaenda kuchokonoa gari. Siku ile sikwenda kazini. Nilifagia palipofagiwa, nikafua nguo safi, nikawagombeza wadogo zangu bila kosa. Kila nikipita chumbani kwa mama namwona amekaa ukingoni mwa kitanda, sanduku mbele ya miguu yake.

Alasiri aliniita.

"Nenda dukani kaniletee ile chai."

"Ipi?"

"Ile mbovu. Ile ya sabuni."

Nilimwambia kopo halijaisha. Akasema anajua.

"Ile ya kopo nikiitia mdomoni, mwanangu, mimi sipo hapa. Niko kwa mama yangu. Na nyinyi mko hapa." Alisema bila kulia, kama anayenieleza bei ya unga. "Siwezi kuwa kote kuwili kila siku. Nitakufa."

Nilirudi na pakiti, na mwenye duka hakuamini kwamba naondoka nayo bila maneno. Nikakuta sanduku liko wazi na tupu, nguo zimo kabatini, na ile kamba ya katani mama ameifunga kutoka mtende hadi dirisha la jikoni, ameanika mashati ya wadogo zangu. Kopo aliliweka chini kabisa sandukuni, akafunga kifuniko. Baba alipoiona kamba ile uani aliipita akiinamisha kichwa, akaingia ndani, na Jumamosi hakwenda Maskati.

Sista alimaliza mkataba wake akaenda zake. Mama akawa anapokea wanawake wa mtaani kwa zamu yake, kahawa na tende na ile chai ya sabuni, akajifunza Kiarabu cha kugombana na mwenye duka bila msaada wangu. Sitasema alikuwa na furaha. Alikuwa yuko.

Miaka ikapita. Jamaa yetu wa Mudhaibi aliyetoka safari ya Tabora alikuja nyumbani moja kwa moja kabla hajafika kwake, na tulipomwona hivyo tukajua. Bibi alikuwa amefariki na kuzikwa zamani kidogo, sisi tunakula na kucheka. Wanawake walijaa nyumbani siku tatu. Mama alikaa ukutani, akapokea mikono ya watu, na shangazi hakuondoka ubavuni pake hata mara moja.

Asubuhi baada ya watu kutawanyika, mama aliniomba nifungue sanduku.

Kopo lilikuwa limeota kutu kwenye ukingo, likanishinda mpaka nikatumia kijiko. Mama hakunyunyiza maji baridi, hakusugua, hakunusa. Nilipika mimi kama alivyonifundisha, nikatia maziwa, rangi ikasimama vizuri, tofali lililochomwa. Nikammiminia yeye na shangazi.

Mama akanywa funda moja, akainamisha kichwa upande. Shangazi naye akanywa, akatazama ndani ya kikombe chake.

"Ndo hino, wifi? Mbona haina ladha?"

"Ilikuwa nayo," mama akasema.

Akanywa tena, akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. Nilisimama na birika mkononi, nikaona siwezi hata kuliweka chini.

"Hakuna anayefagia," aliniambia.

Kisha akaninyooshea kikombe nimwongeze.