Dada wa Kwenye Ratiba

Milka Jerop alikuwa na miaka hamsini na miwili, na maishani mwake alikuwa amepelekwa kuona bahari mara moja tu, na siku hiyo bahari haikuwepo. Yalikuwa matembezi ya wazee wa nyumba ya wazee anakofanya kazi. Waliwapakia kwenye basi dogo, viti vya magurudumu vikafungwa nyuma, wakatoka Birmingham mpaka Weston huku wakisimama kila mara kwa ajili ya choo. Walipofika, maji yalikuwa yamekupwa, yamekwenda kule mbali ambako macho hayafiki, na mbele yao palibaki tope la rangi ya chai ya maziwa. Wazee wakala aiskrimu wakitazama tope. Milka akawafuta midomo. Saa tisa wakapakiwa tena.

Kwa hiyo siku ile ya Novemba shemeji yake Deo alipomwambia kwamba Agosti familia nzima itakwenda Amerika ya Kati, wiki mbili, msituni na baharini, na kwamba yeye yumo, Milka aliendelea kumenya viazi vyao.

"Tiketi ni juu yetu," Deo alisema. "Wewe shemeji kazi yako ni kupata likizo tu."

Hilo la likizo alilisema kama mtu anayemwagiza mwenzake chumvi. Hakujua Agosti inavyogombaniwa kazini kwa Milka. Agosti ni ya wenye watoto wa shule, na Milka hana mtoto. Ilibidi amfuate Hemali, meneja wao, akakubaliana naye: Krismasi atafanya zamu ya asubuhi na ya jioni, mwaka mpya vilevile, na Pasaka yote. Alizifanya zote, magoti yakimuuma. Siku ya Krismasi alikula mkate wa siagi amesimama kwenye chumba cha dawa, na hakulalamika, kwa sababu kichwani alikuwa na neno moja alilolibeba kama mtu aliyebeba yai: nimealikwa.

Maana ukiacha mazishi na harusi, Milka hakuwa mtu wa kualikwa. Mama yao alipofariki kule Kapsabet, Angeline alikuwa na miezi minane, na Milka alikuwa darasa la nne. Hakuna aliyemwambia aache shule. Asubuhi moja tu baba alimkabidhi mtoto, akatoka, na kesho yake ikawa hivyohivyo, mpaka ikaonekana ndiyo kawaida. Baadaye akaolewa na Kibet, wakaja Birmingham. Mwaka wa nne Kibet akaenda Leicester kwenye harusi ya rafiki yake, akabakia hukohuko na mwanamke mwingine. Milka hakumfuata. Alimleta Angeline, akalala naye kitanda kimoja juu ya duka la vitambaa pale Balsall Heath, akampigia pasi sare mpaka akawa muuguzi kamili. Angeline akaolewa na Deogratias wa Bukoba, wakanunua nyumba Moseley, ya matofali mekundu yenye ngazi mbili. Milka akabaki juu ya duka. Kutoka kwake mpaka kwao ni kupanda kilima kwa miguu, na kila Jumapili alikipanda.

Deo hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba za treni, ipi itangulie, ipi isubiri pembeni mwenzake apite, na hata nyumbani hakuweza kuona siku tupu bila kuichorea mistari. Jumapili moja ya Machi, watoto wao Eric na Fiona wakiwa wamelala, alitandaza ramani kwenye meza ya kulia, akazuia pembe zake kwa vikombe.

"Tunaruka mpaka Madrid, tunaunganisha, tunatua San José, hapa," alisema, kidole kikitembea. "Basi, halafu boti. Huku Tortuguero hakuna barabara, shemeji. Kuna mifereji ya maji katikati ya msitu. Ukiinua kichwa ni nyani. Halafu tunarudi ndani, kwenye volkano, tunapanda kwenye msitu wa mawingu, tunatembea juu ya madaraja ya kuning'inia. Ya mwisho ni pwani ya Karibi, na tunavuka daraja la mpakani kwa miguu kuingia Panama, kwenye visiwa."

"Kwa miguu?" Milka aliuliza.

"Kwa miguu, na mabegi. Mimi na wewe tutabeba, mdogo wako ataanza kuumwa mgongo pale pale."

Angeline, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na sare yake bado mwilini, alisema, "Nitaumwa kuanzia Madrid."

Wakacheka wote, na Milka akacheka kuliko wote.

Lakini kilichomkaa Milka rohoni ni Tortuguero. Deo alieleza kwamba msimu ule kasa wanatoka baharini usiku kuja kutaga. Watu wanapelekwa na kiongozi, wamevaa nguo nyeusi, bila tochi, bila kusema neno, na kasa anapita mbele yao, mzito kama jiwe la kusagia, anachimba shimo kwa miguu ya nyuma.

"Na ni kweli analia?" Milka aliuliza. "Niliona kwenye televisheni ya wazee."

"Ile ni chumvi tu, shemeji. Mwili unaitoa kupitia machoni."

"Halafu?"

"Halafu anafukia mayai, anarudi zake majini."

"Hawasubiri watoto?"

"Hawasubiri."

Milka akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za ndugu aliyefanikiwa ng'ambo.

Siku hiyo Deo alimpa nakala ya ratiba, kurasa nne. Alikuwa ameiandika kwa Kiswahili makusudi. Eric alikuwa na miaka tisa na alisoma kila karatasi iliyoachwa mezani, na wazazi walitaka safari iwe siri mpaka shule zifungwe. Kiswahili Eric alikisikia vizuri na kukijibu kwa Kiingereza, lakini kukisoma hakuweza. Fiona, wa miaka minne, hakusoma lugha yoyote.

Milka aliisoma siku yake ya mapumziko, asubuhi, miwani puani na kidole chini ya kila neno, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kupanda mlima. Kila kituo kilikuwa na mistari yake. San José: baba na mama, chumba cha juu; dada na watoto, chumba cha chini. Akapendezwa. Angeline humwita dada, basi Deo ameandika kwa kinywa cha mke wake. Kulala na watoto si neno, yeye ni mama yao mkubwa.

Akaendelea. Tortuguero, siku ya tatu, usiku: baba na mama, kasa; dada na watoto, chumbani. Hapo kidole kilisimama. Akajiambia labda kuna usiku mwingine wa kasa. Akageuza ukurasa. Volkano: baba na mama, maji ya moto; dada na watoto, chumbani. Msitu wa mawingu, madaraja: wote, ila dada na Fiona wasubiri getini. Pwani: baba na mama, chakula cha jioni; dada na watoto, chumbani. Aliichambua ratiba siku hadi siku kama anavyochambua mchele, na hakupata hata asubuhi moja iliyoandikwa dada peke yake.

Na chini kabisa ya ukurasa wa nne palikuwa na mstari mmoja ambao Deo alijiandikia mwenyewe na kusahau kuufuta: Dada akikosa ruhusa kazini, tutafute dada mwingine.

Aliusoma mara tatu. Angeline alikuwa hana dada mwingine. Mama yao alizaa wanawake wawili, akafa. Milka akafikiri ni kosa la mashine.

Kesho yake, kwenye chumba cha mapumziko kazini, alimwonyesha Saido. Saido alikuwa Msomali aliyekulia Garissa, akaishi Dar es Salaam miaka tisa kabla ya kuja Uingereza, na hakuna neno la Kiswahili lililompita. Aliushika ukurasa mbali kidogo na macho, akameza chai yake.

"Huyu shemeji yako ni Mtanzania?"

"Wa Bukoba."

"Basi si kosa." Saido alirudisha karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Sisi Kenya dada ni dada. Kule kwao pia ni dada, lakini vilevile ni yule wa nyumbani. Wa kupika, wa kuosha watoto. Mtu anakwambia, dada wangu ameondoka, natafuta mwingine. Hajafiwa, Milka. Anatafuta mboch."

Milka akaikunja karatasi mara mbili.

"Labda hakumaanisha vibaya," Saido alisema.

"Mimi ananiita shemeji," Milka alisema. "Tangu siku ya mahari, shemeji. Hajawahi kuniita dada hata siku moja."

Kengele ya chumba namba tisa ikalia. Saido akaanza kuinuka, kisha akamtazama mwenzake, akasema, "Kaa. Naenda mimi." Milka akakaa. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Si hasira iliyomjia. Hasira ingempa nguvu. Ilikuwa kama kufika mwisho wa ngazi gizani, ukainua mguu kutafuta kidato ambacho hakipo.

Jumapili alikipanda kilima. Eric alikuwa amekwenda kuogelea na jirani, Fiona amelala juu. Deo akaweka chai. Milka akaikunjua karatasi mezani kabla ya kuvua koti.

"Deo, nisaidie kusoma. Hapa, dada ni nani?"

"Ni wewe, shemeji," Deo alijibu, bado anatabasamu.

"Na huyu dada mwingine wa kutafutwa ni nani?"

Deo akainama kuusoma mstari. Tabasamu likamtoka polepole. Akazungusha kikombe chake kwenye kisahani.

"Ule ni mstari wangu mimi, haukuwa wa kusomwa," alisema. "Lakini shemeji, kwetu hilo ni neno la heshima. Hatusemi mtumishi. Tunasema dada."

"Ni heshima ya nani?"

"Dada," Angeline aliingilia kutoka kwenye kochi, na lile neno likasikika vibaya chumbani, hata yeye mwenyewe alisikia, akakohoa. "Milka. Usiifanye kubwa. Ni lugha tu ya watu wa kwao."

"Sawa. Tuache lugha." Milka akaweka kidole kwenye siku ya tatu. "Usiku huu wa kasa. Tufute maneno yote, tuandike majina. Nani anabaki na watoto?"

Barabarani basi lilipita likashuka kuelekea mjini. Angeline akamtazama mume wake, na Deo akaitazama ramani, iliyokunjwa juu ya kabati mbali na macho ya Eric.

"Mimi sijatoka usiku na mume wangu tangu Fiona azaliwe," Angeline alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya kweli na yenye uchovu, na Milka aliujua uchovu huo, ni wa miguu. "Nafanya zamu za saa kumi na mbili. Nilitaka usiku mmoja. Na wewe watoto wanakupenda. Nilifikiri unafurahi nao."

"Usiku mmoja ningekupa. Hata mitatu ningekupa, na usingeniomba. Nimesoma karatasi yote, Angeline. Ni siku kumi na nne. Yangu haimo."

"Tunaweza kurekebisha," Deo alisema, na tayari alikuwa ameshika penseli. "Tazama, siku ya kumi, mchana. Nakupa kuanzia saa nane mpaka saa kumi, ufukweni, wewe mwenyewe. Sisi tutawapeleka watoto kula. Na siku ya kumi na mbili naweza kukubania kanafasi hapa."

Aliandika kweli, kwa mwandiko mzuri, kwenye kanafasi kembamba kati ya mistari miwili. Milka aliitazama ile penseli ikitafuta pa kumweka, kama treni ya mizigo inayoingizwa njia ya pembeni mpaka zile za abiria zipite. Alijua huyu mwanamume anajitahidi. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Angekuwa mkorofi, angejua la kumwambia.

"Acha, Deo," alisema. "Usihangaike. Mimi siendi."

"Dada, likizo umeshaipata," Angeline alisema. "Ulifanya Krismasi nzima."

"Likizo ni yangu, nitaitumia. Nitalala."

"Agosti sitapata mtu. Unajua sitapata. Deo atabaki na watoto, mimi nitakwenda kutazama kasa na nani?"

Milka alitaka kumjibu. Alikuwa na maneno ya miaka arobaini na zaidi, yamepangwa: kitabu cha hesabu cha darasa la nne chenye kurasa tupu, mgongo uliokuwa na mtoto kabla haujawa na begi la shule, sare zilizopigwa pasi juu ya duka. Aliyatafuta hata la kuanzia likamkosa. Mdogo wake alikuwa amekaa pale na soksi za kazini, ana mvi mbili za mbele ambazo Milka hakuwa ameziona.

"Utajua," alisema tu.

Ndipo Fiona alipoamka juu, akalia. Kilikuwa kile kilio cha mtoto aliyeamka akakuta chumba hakina mtu, kinaanza chini kinapanda. Deo na Angeline wote wawili waligeuka, si kuelekea ngazini. Walimgeukia Milka, kwa mazoea, bila kufikiri, kama watu wanavyogeukia simu inapolia. Naye Milka mwili wake ulikuwa umeshaanza kuinuka kabla hajauruhusu.

Akaukalisha. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, juu ya ile karatasi, akasubiri. Kilio kikapanda, kikavunjika, kikaanza tena. Angeline akabaki akimtazama dada yake, kwanza kwa kushangaa, halafu kwa jambo jingine ambalo halikuwa mshangao. Kisha akashusha miguu sakafuni, akashika ukuta, akapanda ngazi polepole akisema, "Nakuja, mama, nakuja."

Milka akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.