Goti la Konsolata

Kinyongo nakijua, nimeishi nacho boma moja. Si changu, ni cha wifi yangu Konsolata, lakini nilimsaidia kukitunza na sioni aibu kusema.

Alipokuwa na miaka kumi na saba, hapa kijijini kwetu Daudi hapakuwa na msichana wa kumkamata kwa mbio. Kocha wetu, Mwalimu Basili, alikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mtu kambi ya wanariadha Arusha mwezi uliofuata. Jina aliandika yeye mwenyewe, na kila mtu alijua litakuwa la Konsolata. Siku nne kabla ya mbio za mwisho za shule, goti lake la kulia likavimba. Akamwonyesha. Basili akalishika, akasema, "Linavimba kwa sababu unalifikiria." Ebo! Na huyo ndiye aliyekuwa anawakimbiza watoto wa watu alfajiri bila hata uji, eti tumbo tupu ndilo jepesi.

Akakimbia. Kupanda mlima alipanda vizuri, akawaacha wote. Kwenye mteremko wa kurudi shuleni akafanya tunavyofanya sisi wote wa huku: kupanda tunajisifia, kuteremka tunakuhesabu kuwa mapumziko, tunaiachia miguu itupeleke yenyewe. Goti likaachia. Alianguka mbele ya wazazi wake, na Basili akamsimamia akasema kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima, "Inuka, mvivu! Anadeka huyu." Nafasi akapewa mwingine. Konsolata alichechemea miaka mitatu, na neno lile likamfuata mpaka siku kaka yangu alipokwenda kumposa. Mjomba wetu aliuliza mbele ya watu kama ni kweli binti ni mvivu. Nilikuwepo, nikaona alivyoinamisha uso.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, Basili ayameze maneno yale mbele ya watu. Kila Jumapili nje ya kanisa alimpa shikamoo, maana mkubwa ni mkubwa. Njiani kurudi ananiambia, "Wifi, shikamoo ya leo imenichoma koo." Mimi namjibu, "Mngoje. Na yeye ana magoti."

Lakini hakungoja akiwa amekaa. Alikwenda mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafundishwa kukaa na kusimama polepole kwenye benchi, ili mapaja yapate nguvu na kulipunguzia goti kazi. Alipopona akaanza kutufundisha uani kwake sisi wanawake, tunaoteremka mlima na kuni mgongoni. "Hatua fupi! Kunja goti kidogo! Mzigo mkubwa gawa safari mbili!" Akatugombeza pia kwa kuuza mayai yote na maziwa yote, halafu sisi wenyewe tunashindia chai ya rangi. Siku hizi huendi shambani kabla hujanywa uji wa ulezi, na maharage na mboga havikosi jioni. Mkali huyo! Ila mama Perpetua, aliyekuwa anapanda ngazi za kanisa kwa kushikwa mkono, sasa anatupita wote njiani.

Mwaka jana, sikukuu ya parokia, wakaweka mbio za wazazi. Basili akajitokeza na kaptura yake ya zamani, miaka sitini na moja, tumbo mbele, hajakimbia tangu alipostaafu. Hakupasha mwili joto hata kidogo. Akapanda akihema, akageuka, akaiachia miguu kwenye mteremko ule ule, na karibu na shule tukasikia amepiga yowe. Niseme ukweli? Nilifurahi. Nilipiga kigelegele, nikakikata katikati kwa sababu padri alikuwa ananiangalia.

Hospitali wakamwambia hahitaji kupasuliwa. Apumzike kwanza, kisha afanye mazoezi. Na mazoezi, Daudi nzima, yako ua mmoja.

Alikuja na fimbo. Sisi wanawake tisa tulikuwa kwenye mabenchi.

"Shikamoo, Mwalimu," Konsolata akasema.

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja unisaidie."

"Nitakusaidia. Kwanza waambie hawa ulinifanyia nini."

Basili akakohoa. "Zamani kulitokea kutoelewana kidogo..."

"Kutoelewana? Thubutu!" nikadakia mimi. Konsolata akaninyamazisha kwa mkono, akaendelea kumwangalia. Basili akageuka akaondoka zake.

Siku kumi hatukumwona. Ya kumi na moja akarudi, goti limekaza, mguu haukunjiki. Akasimama katikati ya ua, macho chini.

"Konsolata hakuwa mvivu," akasema. "Alikuwa anaumwa. Nilijua, nikamkimbiza hivyo hivyo."

"Ulijua?" Konsolata akauliza.

"Nililishika kwa mkono wangu. Lilikuwa la moto."

Nilidhani wifi atamfukuza, na ningemshikia geti. Akamwonyesha benchi. "Kaa," akasema.

Hakumwonea, lakini hakumhurumia. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena, na akijitupa kwenye benchi anaanza upya. Siku moja jasho lilimtoka akasema amechoka. Konsolata akamwinamia na kumwuliza taratibu, "Unadeka, Mwalimu?" Jamani, tulicheka mpaka mama Perpetua akashika mbavu. Mimi nililala vizuri usiku huo.

Mwezi wa pili wa mazoezi goti lilikuwa linakunjika na fimbo ameiacha nyumbani. Asubuhi moja, katikati ya zoezi, alibaki amekaa.

"Konsolata, lile goti lako. Kama ningekupumzisha, lingechukua muda gani kupona?"

"Yule mtaalamu aliniambia wiki tatu."

"Wiki tatu tu?"

"Wiki tatu. Na kambi ilifunguliwa baada ya mwezi."

Basili akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Mama Perpetua akanyanyuka ampelekee kitambaa. Konsolata akamrudisha kwa mkono, akamsimamia yule mzee pale kwenye benchi.

"Bado sita, Mwalimu," akasema. "Inuka."